Ile Video ya Kinyozi Nimeifuta, na Nitakuambia Kwa Nini

Wasee, leo sitachekesha.

Mwaka jana niliweka video ya mdogo wangu akinyolewa kwa kinyozi wa mtaa. Alikuwa na miaka sita. Mashine ilipowashwa tu, alipiga nduru kama mtu anayechomwa. Mathe alishika mikono, kinyozi akashika kichwa, na mimi nikashika simu. Nikaweka mziki, nikaandika "mtoi wa drama". Watu walicheka mbaya. Ndiyo video yangu iliyotazamwa kuliko zote nilizowahi kuweka, na kwa siku tatu nilitembea mtaani nikijiona nimeomoka.

Video hiyo haipo tena. Niliifuta mwenyewe. Wale mnaouliza kila siku "ile ya kinyozi ilienda wapi", jibu ni hili hapa. Ni refu kidogo, kwa hivyo keti.

Maoni yangu nayaweka mapema ndiyo tusisumbuane: kuna watoto tunawachapa na kuwacheka kwa vitu ambavyo si tabia mbaya hata kidogo. Kuna watu hapa hapa Kenya waliosomea kuangalia vitu hivyo, wako kwenye hospitali za umma, na wengi wetu hatujui hata kazi yao inaitwaje. Mimi pia sikujua.

Penseli ndiyo ilitupeleka

Hatukuenda hospitali kwa sababu ya kinyozi. Nani huenda hospitali kwa sababu ya kinyozi? Tulienda kwa sababu ya penseli.

Mdogo wangu alipoingia Gredi ya 1, vitabu vyake vilianza kurudi nyumbani vikiwa vyekundu. Mwandiko unapanda mlima, unashuka bonde, unatoka nje ya mstari kabisa. Anakandamiza penseli mpaka karatasi inatoboka. Akiandika sentensi mbili, analaza kichwa mezani. Mwalimu aliandika neno moja kwa daftari: mvivu. Siku nyingine mtoto alirudi na vidole vimevimba, amechapwa kwa rula.

Sheria ya viboko shuleni tunaijua. Vilipigwa marufuku mwaka wa 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikarudia kwamba ni kosa. Lakini wacha nisijifanye mtakatifu. Siku hiyo mathe aliona vile vidole, akauliza amefanya nini, akaambiwa hamalizi kazi, na yeye akamwongezea kofi. Mimi nilikuwa kwa kiti nikiangalia simu. Sikusema kitu.

Aliyetuokoa ni mwalimu mwingine, mgeni kwa ile shule. Alimvuta mathe kando siku ya kufunga, akamwambia polepole: "Mama, huyu mtoto hakatai kuandika. Mpeleke macho yapimwe, halafu aonwe na OT."

OT ni kifupi cha okupesheno therapi. Kwa Kiswahili wengine huiita tibakazi. Mathe kusikia neno kazi akashangaa: "Mtoto wa miaka sita anatafutiwa kazi gani?" Tulicheka, lakini nikagundua hata mimi sina jibu.

Jibu ni kwamba kila mtu ana kazi zake za kila siku, na kazi za mtoto ni kucheza, kula, kuvaa, kuoga, kulala, kuandika na kukaa na wenzake. OT anaangalia mtoto anakwama wapi kwa hizo, na kwa nini. Basi. Si mtu wa kukupa dawa wala sindano.

Chumba chenye magodoro

Macho yalipimwa, yakawa sawa. Kupata siku ya OT ilichukua wiki kadhaa kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Siku ilipofika, nilitarajia meza, daktari na stethoskopu. Tulikuta magodoro sakafuni, mpira mkubwa wa kukaliwa, bembea na beseni la maharagwe. Mathe akamsalimu yule dada, "Habari daktari." Akajibu, "Nzuri mama, lakini mimi si daktari, mimi ni OT." Halafu akamgeukia mdogo wangu: "Bosi, leo mimi na wewe tunacheza."

Karibu nusu saa hakugusa penseli. Alimfanya atambae juu ya magodoro, adake mpira, asimame kwa mguu mmoja, afunge vifungo vya shati, achague maharagwe kwa vidole viwili. Mathe alinikanyaga mguu chini ya benchi, kumaanisha: nimelipa nauli kuja kuangalia mtoto akicheza?

Halafu yule dada akatuonyesha kitu. "Angalia akiandika. Mkono mwingine uko wapi?" Ulikuwa umeshika ukingo wa kiti. Angeuachilia, angeinama upande. Misuli ya mgongo na mabega yake ilikuwa inachoka haraka, kwa hivyo nguvu zote alizokuwa nazo zilikuwa zinatumika kukaa wima. Vidole vilibaki na nini? Jaribu kuandika ukiwa umesimama ndani ya matatu inayopita kwa matuta. Hivyo ndivyo alivyokuwa anaandika kila siku, na sisi tukimwita mvivu.

Sikujua hiyo kitu. Sikujua kwamba mwandiko unaanzia mgongoni, unapita begani, unashuka kwa mkono, ndiyo ufike kwa vidole. Mtoto anajenga misuli mikubwa kwanza: shingo, kukaa, kutambaa, kutembea. Vile vya vidole, vya kushika penseli na kufunga kamba za viatu, vinasimama juu ya huo msingi.

Hisi si tano tu

Darasani tulifunzwa milango mitano ya fahamu: macho, masikio, pua, ulimi, ngozi. Tulipasi mtihani na tukafunga kitabu. Kumbe kuna mingine ambayo hakuna mtu alitutajia.

Kuna hisi ya msawazo, ambayo makao yake ni ndani kabisa ya sikio. Ndiyo inakuambia umeinama, umezunguka, au unaanguka. Kuna hisi ya misuli na viungo, ile inayokuwezesha kupeleka kijiko mdomoni stima ikiwa imepotea, bila kujidunga jicho. Hiyo pia ndiyo hukuambia ubonyeze penseli kwa nguvu kiasi gani. Ikiwa habari zake hazifiki vizuri kwa ubongo, mtoto anabonyeza mpaka karatasi inatoboka, kwa sababu asipobonyeza hivyo hasikii kama ameshika kitu.

Aliyeleta mawazo haya kwa nguvu kwenye taaluma hii ni Mmarekani anayeitwa A. Jean Ayres, ambaye mwenyewe alikuwa OT. Kitabu chake kikubwa kuhusu hisi na shida za kujifunza kilitoka mwaka wa 1972. Wazo lake kuu ni rahisi: ubongo unapokea habari kutoka kila upande wa mwili, na lazima uzipange kabla ya kuzitumia. Zikipangika vibaya, tunachoona kwa nje ni mtoto anayejigonga kila mahali, au hatulii, au anakataa kuvaa sweta ya shule kwa sababu inawasha, au anaziba masikio ndani ya matatu.

Hapo ndipo mathe alipouliza, kwa sauti ya chini, kuhusu kinyozi.

Yule dada akaeleza kwamba kuna watoto ambao kwao mguso na sauti ni kama redio iliyofunguliwa mpaka mwisho, na kisu cha kupunguzia kimevunjika. Mashine ya kinyozi inatetemeka, inanguruma karibu na sikio, nywele zinadondoka shingoni na kuwasha, na mtu usiyemjua ameshika kichwa chako. Wewe na mimi tunasikia mzzz. Mtoto wa aina hiyo anapokea vyote kwa mara moja, na mwili wake unamwambia kuna hatari. Kisha watu anaowaamini zaidi duniani wanamshika asitoroke.

Na mmoja wao ana simu.

Nilitoka nje nikajifanya naenda kununua maji. Nikaifuta hapo hapo kwenye korido. Najua kuna watu walishaihifadhi na kuisambaza, na hiyo siwezi kuirudisha.

"Lakini sisi tulichapwa na tukatoka sawa"

Hii ndiyo naisikia zaidi nikieleza haya mambo. Manze, tulitoka sawa akina nani?

Darasani kwetu kulikuwa na jamaa tuliyemwita Kuku, kwa sababu mwandiko wake ulikaa kama kuku amepita na matope. Alichapwa kwa mwandiko kutoka darasa la pili. Kujibu kwa mdomo, hakuna aliyemshinda. Alifika darasa la saba, akaacha kuja. Sijui kama alikuwa na shida ya mwili au hakuwa nayo, kwa sababu hakuna mtu aliwahi kuangalia. Tunaposema "tulitoka sawa" huwa tunahesabu waliobaki kwa chumba. Kuku hayuko kwa hiyo hesabu.

Wataalamu wanakadiria kwamba watoto 5 hadi 6 kati ya kila 100 wa umri wa shule ya msingi wana shida ya kupanga miondoko ya mwili, ile inayoitwa DCD. Si wajinga, akili iko sawa. Ni mikono na miguu haifuati vile kichwa kinataka. Chukua darasa la watoto 60 na upige hesabu: hapo kuna watatu hivi. Watatu ambao watamwaga chai, wataanguka mchezoni, watachelewa kuvaa viatu na watachapwa kwa mwandiko. Kiboko hakijengi misuli ya bega. Kinachojengeka ni woga wa daftari.

Wengine wananiambia hizi ni vitu vya wazungu na matajiri. Jina la Ayres ni la kizungu, sawa. Lakini KMTC, chuo cha serikali, hufunza OT, na kuna sheria ya Kenya ya mwaka wa 2017 inayosimamia mafunzo na leseni zao. Wanaofanya kazi hii ni watoto wa majirani zetu. Wamezoea pia kufanya na kidogo walichonacho: kuna viti vya watoto wenye mtindio wa ubongo vinavyotengenezwa kwa maboksi, karatasi kuukuu na gundi ya unga, ili mtoto aweze kukaa wima na kula akiwaona wenzake.

Si uchawi pia

Sasa nisikuuzie ndoto. Nimeona watu mtandaoni wakiuza brashi za kusugua watoto, fulana nzito na vidude vya kuzungusha, ati vinatibu kila kitu kutoka usonji hadi hesabu. Tulia. Mwaka wa 2012 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kiliwaambia madaktari wawe waangalifu: matibabu ya hisi yanaweza kuwa sehemu ya mpango mzima wa mtoto, lakini ushahidi wake bado ulikuwa mdogo, na wazazi waelezwe hivyo wazi. Kwa shida za miondoko, kinachoonekana kusaidia zaidi ni mtoto kufanya mazoezi ya kile kitu chenyewe kinachomshinda, kikiwa kimekatwa vipande vidogo. Kama ni vifungo, basi ni vifungo, kuanzia kikubwa kwenda kidogo.

OT wetu alisema vivyo hivyo. Hakuahidi miujiza. Alitupa kazi za nyumbani, na hapa ndipo mathe alianza kumpenda, kwa sababu zote zilikuwa zetu. Mtoto akande unga wa chapati, maana hiyo ni kazi ya mabega na viganja. Abebe maji kwa kidumu cha lita tatu. Aanike nguo, kwa sababu kubana kibanio ni mazoezi ya vidole vilevile vya penseli. Asukume ndoo ya nguo kutoka bafuni. Aandike dakika tano, apumzike, arudi. Miguu iguse kitu akikaa. Tuliweka kreti ya soda chini ya meza. Penseli ikakatwa ikawa fupi, kwa sababu penseli fupi inalazimisha vidole kukaa mahali pake.

Hakuna hata kimoja tulichonunua.

Nilipokuwa nikiandika hiyo orodha nilifikiria utoto wangu. Tulicheza bano: vidole. Bladda: kuruka na msawazo. Kati: kukwepa mpira, macho na mwili pamoja. Tapo, brikicho, kupanda ukuta wa jirani na kuibia mapera. Hakuna aliyetuambia tunafanya mazoezi. Leo uwanja tuliochezea una gorofa saba juu yake, na kwa geti la ploti yetu kuna bango: watoto wasicheze kwa koridi. Basi watoto wanapewa simu. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka wa 2019 kwamba mtoto wa mwaka mmoja hadi minne anahitaji angalau dakika 180 za kujisogeza kila siku, na wa miaka miwili hadi minne asizidi saa moja ya skrini. Kwa nyumba ya chumba kimoja orofa ya nne, dakika 180 atazipatia wapi? Sisemi ukosefu wa uwanja ndio ulimletea mdogo wangu shida zake. Nasema uwanja ungewasaidia watoto wote, na yule anayehitaji msaada zaidi angeonekana mapema, kwa sababu tungemwona akicheza.

Sasa ufanye nini

Najua wengi mnaonisoma hamna watoto. Lakini mna wadogo, mna wapwa, na nyinyi ndio mnaachiwa watoto mathe akienda kazi. Mara nyingi sisi ndio tunaona kwanza.

Ukiona mtoto hajakaa mwenyewe akiwa na miezi tisa, au hajatembea akiwa na mwaka na nusu, usingoje uambiwe "atashika tu". Angalia kile kijitabu cha kliniki cha mama na mtoto. Hatua za ukuaji zimeandikwa humo. Ukiona mkubwa kidogo ambaye vifungo, kijiko, ngazi na penseli vinamshinda kuliko wenzake wote, au nguo, sauti na vyakula vinamfanya alie kila siku, ongea na mzazi bila kumlaumu. Anzeni na macho na masikio. Kisha mkaulize OT kwenye hospitali ya kaunti. Kuna pia vituo vya kuwapima watoto kielimu, EARC, vilivyoanzishwa na serikali kutoka mwaka wa 1984 kwa kazi hiyo. Ofisi ya elimu ya kaunti ndogo yenu itawaonyesha kilipo.

Na kwa viongozi: foleni ya wiki kadhaa kwa mtoto wa miaka sita ni ndefu mno. Kila wiki anayongoja, anaenda shule na ile penseli. Mtu akija kuomba kura yenu kwenye kaunti, msimuulize barabara tu. Muulizeni hospitali yetu ina OT wangapi.

Mimi si mtaalamu, na usitumie andiko langu kumpa mtoto wa jirani jina la ugonjwa. Hata mdogo wangu hakupewa jina lolote. Alipewa mazoezi.

Sasa ana miaka saba. Mwandiko bado si wa kuweka kwa fremu, lakini unakaa kwa mstari, na anamaliza ukurasa. Mwalimu wake wa sasa humruhusu asimame kidogo katikati ya kuandika, na hakuna aliyekufa.

Kwa kinyozi tulianza upya. Tunaenda Jumanne asubuhi kabla wateja hawajaja na kabla spika haijawashwa. Kinyozi, ambaye pia alikuwa amecheka ile video, alikubali tufanye polepole. Kwanza mdogo wangu alishika mashine ikiwa imezimwa. Wiki nyingine ikiwashwa, akaisikia kwa kiganja, halafu kwa mkono, halafu begani. Shingo tunaifunga taulo letu la nyumbani. Mikono yake hakuna anayeishika. Akisema "stop", mashine inazimwa, hata kama imebaki mstari mmoja.

Mwezi uliopita alisema stop katikati. Tukalipa, tukarudi nyumbani akiwa na nusu kichwa, watu mtaani wakituangalia vibaya na mimi nikiwaangalia vilevile. Kesho yake asubuhi alivaa viatu mwenyewe, akasimama mlangoni, akaniuliza kama twende tukamalizie ile nusu.

Simu niliiacha nyumbani.